Kibao shingoni hakifundishi Kiingereza

Naomba uniruhusu nitumie nafasi kidogo katika gazeti lako ili nitoe dukuduku langu juu ya jinsi watoto wetu wanavyofundishwa lugha ya Kiingereza. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilishika chaki kwa miaka 42, tangu mwaka 1976 hadi nilipostaafu mwaka 2018, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilifundisha somo hilo hilo la Kiingereza. Kwa hiyo ninayoyasema hapa si ya kusimuliwa. Na mengine, kama msomaji atakavyoona, ni ya kujisuta mwenyewe.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kibao. Mwaka huu nilikwenda mjini kumtembelea binti yangu, nikamkuta mjukuu wangu wa Darasa la Tatu anarudi kutoka shule yake, ambayo hufundisha kwa Kiingereza tangu madarasa ya chini. Macho yalikuwa mekundu. Nilipomdadisi akaniambia kwamba siku hiyo alivalishwa kibao shingoni, kipande cha ubao chenye kamba, kilichoandikwa kuwa yeye amezungumza Kiswahili. Utaratibu wa kibao hicho ni kwamba aliyekivaa hukivua pale tu atakapomsikia mwenzake naye akisema neno la Kiswahili, ndipo humvalisha huyo. Anayekutwa nacho jioni hupata viboko. Nikamwuliza alisema neno gani. Akanijibu kwamba rafiki yake alianguka wakati wa mapumziko akachubuka goti, naye akamwambia, "Pole."

Ndugu Mhariri, mimi nimefundisha Kiingereza miaka yote hiyo na mpaka leo sijui neno la Kiingereza ambalo mtoto yule angeweza kulitumia mahali pa "pole" likatosha. Waingereza wenyewe hawana neno moja la namna hiyo. Husema "sorry", lakini kwao neno hilo kwa kawaida ni la mtu anayeomba radhi kwa kosa lake. Mtoto alimhurumia mwenzake kwa lugha aliyokuwa nayo, akaadhibiwa. Mama yake ananiambia kwamba tangu hapo amepungua kusema shuleni, si Kiswahili si Kiingereza, na kwamba mwalimu wake amemsifu kuwa ni mtoto mtulivu. Mimi naona kwamba amefundishwa jambo moja tu, nalo ni kunyamaza.

Nilipotaka kumkemea binti yangu kwa kumpeleka mtoto katika shule ya namna hiyo, alinijibu kwa adabu lakini kwa maneno mazito. Aliniambia, "Baba, mimi ulinifundisha wewe. Tuliimba 'This is a pen' mpaka Darasa la Saba. Nilipofika Kidato cha Kwanza sikumwelewa mwalimu hata mmoja. Unataka na mwanangu aimbe?" Nilikosa la kusema. Ni kweli nilimfundisha mimi, katika darasa langu mwenyewe. Alikwenda sekondari akiwa mtoto mwenye akili, akarudi mwaka 2003 na sifuri ya Kidato cha Nne. Kwa muda mrefu nilisema kwamba hakujitahidi. Leo nasema wazi mbele ya wasomaji wako kwamba sehemu ya sifuri ile ilikuwa yangu.

Hebu nieleze ilivyokuwa, maana wapo vijana wanaofikiri kwamba tulikuwa wavivu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi. Walimu hawakutosha. Hivyo sisi vijana tuliomaliza Darasa la Saba tulichukuliwa, tukawa tunafundisha huku tunajifunza ualimu kwa masomo ya posta na ya redio. Watani walitutafsiria UPE kuwa ni "Ualimu Pasipo Elimu". Tulivumilia, na watoto wa vijijini wakajua kusoma na kuandika. Jambo hilo sitaki mtu alibeze. Lakini katika somo la Kiingereza nilikuwa nafundisha kitu ambacho mwenyewe sikukijua. Nilikuwa na kitabu kimoja cha mwalimu, kalamu moja, na sauti kubwa. Nilinyanyua kalamu nikauliza, "What is this?" Watoto 80 wakaitikia kwa pamoja, "This is a pen." Mkaguzi alipokuja alisikia makelele hayo tangu getini, akafurahi, akaandika kwamba somo linakwenda vizuri.

Njia hiyo haikuzuliwa na sisi. Ililetwa na wataalamu. Zamani katika Ulaya lugha ya kigeni ilifundishwa kwa kukariri kanuni za sarufi na kutafsiri sentensi. Baadaye wakatokea watu waliosema kwamba hiyo ni lugha mfu, na kwamba mwanafunzi asikie na kutamka lugha ngeni moja kwa moja bila kupitia lugha yake. Ndiyo njia ambayo shule za Berlitz ziliitangaza Marekani na Ulaya tangu mwisho wa karne ya 19. Baada ya hapo ikaja njia ya kurudiarudia sentensi za mfano mpaka ulimi uzoee. Kuanzia miaka ya 1970 ikaja njia ya mawasiliano, yaani mwanafunzi azungumze kwa kutenda: anunue tiketi, aulize njia, apige simu. Kila njia ilikuwa na ukweli wake mahali ilipozaliwa. Lakini iliyozaliwa katika chumba cha watu wazima 12 wenye kitabu kila mmoja haiwezi kuhamishiwa katika darasa la watoto 80 wenye vitabu vitano ikazaa matunda yale yale.

Naomba msomaji apige hesabu pamoja nami. Kipindi ni dakika 40. Darasa lina watoto 80. Hata kama mwalimu hasemi neno, na kila mtoto anapewa nafasi ya kuzungumza peke yake kwa zamu, kila mmoja atapata nusu dakika. Kwa juma lenye vipindi vitano atapata dakika mbili na nusu. Je, kuna mtu aliyejifunza kuogelea kwa kuingia majini dakika mbili na nusu kwa juma? Ndiyo sababu tukawaimbisha. Kuimba kwa pamoja kulitupa matumaini kwamba wote wanasema. Kumbe waliosema ni kumi walioketi mbele, waliobaki walifungua midomo tu.

Sasa turudi kwenye kibao. Wanaokitetea husema kwamba mtoto akikatazwa Kiswahili atalazimika kusema Kiingereza, na kwamba Kiswahili ndicho kinachoharibu Kiingereza. Imani hii nayo ina historia. Adhabu ya kuwavalisha watoto alama kwa sababu ya kusema lugha yao ilitumika katika shule za Kenya na Uganda wakati wa ukoloni, ikaendelea hata baada ya uhuru. Na mwaka 1961 ulifanyika mkutano mkubwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, hapo jirani Uganda, ambapo wajumbe kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walizungumzia ufundishaji wa Kiingereza. Mtaalamu mmoja aitwaye Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alizikusanya imani zilizotiwa nguvu na mkutano ule zikawa tano: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza peke yake, kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho, kwamba kianze mapema iwezekanavyo, kwamba kikifundishwa kwa wingi ndipo matokeo yawe mazuri, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana, Kiingereza kitashuka. Yeye aliziita zote tano kuwa ni makosa. Mimi si mtaalamu wa kubishana juu ya zote tano, lakini juu ya ile ya kwanza na ile ya mwisho nina ushahidi wa chaki.

Mimi ni Mrangi. Nyumbani tulisema Kirangi, na Kiswahili nilikikuta shuleni. Mwalimu wetu wa Darasa la Kwanza alituambia jambo kwa Kiswahili, akiona tumetoa macho analirudia kwa Kirangi, kisha anarudi kwenye Kiswahili. Hakuna aliyenivalisha kibao. Kiswahili nilikipata sokoni, redioni, katika magazeti na katika mazungumzo na wasafiri, na leo nakiandika gazetini. Kirangi hakikukizuia. Kilikuwa ngazi ya kupandia.

Vivyo hivyo Kiswahili kwa Kiingereza. Nitatoa mifano ambayo kila mwalimu aliyefundisha somo hili anaijua.

Mtoto wa Kiswahili ukimwuliza, "Hukuja jana?" atajibu, "Ndiyo," akiwa na maana kwamba maneno yako ni ya kweli, hakuja. Kwa Kiingereza jibu hilo hilo ni "No". Nimeona watoto wakipigwa kwa kusema uongo mbele ya mwalimu wa kigeni, kumbe walisema kweli kwa mantiki ya lugha yao. Jambo hili unaweza kulizungushia mwezi mzima kwa Kiingereza na lisieleweke. Kwa Kiswahili ni dakika mbili, na mtoto halisahau.

Mfano wa pili. Kwetu tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia njaa, na tunasikia baridi. Ndiyo maana mtoto husema kwa Kiingereza kwamba amesikia harufu kwa neno la kusikia kwa masikio, watu wakacheka. Mwambie kwa Kiswahili kwamba Waingereza wana neno la sikio peke yake na neno la pua peke yake, ataelewa mara moja.

Mfano wa tatu. Sisi tuna neno moja la kuazima. Unaniazima kalamu yako, nami naazima kalamu kwako. Waingereza wana maneno mawili, moja la anayetoa na moja la anayepokea. Tena "yeye" wetu ni mmoja kwa mwanamume na mwanamke, bali wao wanao wawili, na ndiyo sababu mtoto husema "my mother he". Saa yetu inaanza kuhesabiwa asubuhi kunapokucha, hivyo saa mbili ya kwetu kwao ni saa nane. Herufi zetu ni waaminifu: "a" ni "a" popote uendapo. Herufi zao hubadilika. Mtoto ambaye hakuambiwa hivyo atasoma "name" ya Kiingereza kama "na-me", na wala hana kosa.

Mwalimu anayejua Kiswahili na Kiingereza ana silaha ambayo Mwingereza aliyeshuka jana kwenye ndege hana. Anajua mtoto atajikwaa wapi kabla hajajikwaa. Kumwambia mwalimu huyo asiitumie silaha hiyo ni sawa na kumwambia mkulima alime huku amefungwa mkono mmoja, kisha tumlaumu kwamba shamba lina magugu.

Sisemi kwamba somo la Kiingereza ligeuke kuwa somo la Kiswahili. Hapana. Kiswahili katika somo hilo kiwe kama chumvi katika mboga. Hakuna anayekula chumvi tupu, wala hakuna anayependa mboga isiyo na chumvi.

Lakini, Ndugu Mhariri, kuondoa kibao na kuruhusu maelezo ya Kiswahili hakutoshi. Mtu huijua lugha kwa kukutana nayo mara nyingi, tena akiielewa. Kiswahili nilikikuta sokoni. Kiingereza mtoto wa Kondoa atakikuta wapi? Sokoni hakipo, kisimani hakipo, msikitini na kanisani hakipo. Mwalimu mwenyewe anacho kidogo. Hapa ndipo nataka kusema jambo lililobadilisha maisha yangu.

Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walitoa taarifa juu ya hali ya Kiingereza katika shule zetu. Walikuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kufuata masomo yao kwa lugha hiyo. Miaka miwili kabla ya hapo, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Makweta ilikuwa imependekeza kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili, lakini pendekezo hilo halikukubaliwa. Badala yake, kuanzia mwaka 1987, ulianza mpango uliogharimiwa na Uingereza wa kuinua Kiingereza katika sekondari, na moja ya mambo yake yalikuwa kupeleka shuleni vitabu vyepesi vya hadithi.

Masanduku ya vitabu hivyo yalifika katika sekondari moja iliyokuwa karibu nasi. Mwalimu mmoja wa pale aliniazima kimoja. Kilikuwa kitabu chembamba chenye picha, kimeandikwa kwa maneno machache makusudi ili mwanafunzi asikwame. Nilikisoma kwa taa ya kibatari usiku mmoja, nikakimaliza. Nilikuwa na umri wa karibu miaka 30, mwalimu wa Kiingereza kwa miaka zaidi ya kumi, na hicho ndicho kitabu cha kwanza cha Kiingereza nilichokisoma tangu mwanzo hadi mwisho nikakielewa. Nilirudi kuazima kingine, na kingine. Baada ya mwaka nilijishangaa kuona kwamba sentensi zinanijia zenyewe. Sikuwa nimekariri kanuni hata moja mpya. Haba na haba hujaza kibaba.

Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hilo si la ajabu wala si geni. Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal katika miaka ya 1920, aliona kwamba mtoto wa kule hana wa kuzungumza naye Kiingereza, hivyo faida kubwa ataipata kwa kusoma. Akatunga vitabu vya maneno machache yanayoongezeka polepole. Na mwaka 1980 ulifanywa uchunguzi katika shule za vijijini za visiwa vya Fiji, ambako watoto nao hujifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Wachunguzi wawili, Elley na Mangubhai, walipeleka katika madarasa ya shule nane vitabu 250 vya hadithi zenye picha, watoto wakapewa muda wa kuvisoma kila siku. Shule nyingine ziliendelea na njia ya kurudiarudia sentensi, yaani ile yangu ya kuimbisha. Baada ya mwaka mmoja, watoto wa vitabu walikuwa wamesonga mbele katika kusoma na kuelewa kwa kasi karibu mara mbili ya kawaida. Mwaka wa pili faida ikaonekana hata katika kuandika.

Rudi sasa kwenye hesabu yetu. Katika kipindi cha dakika 40 mwalimu humpatia kila mtoto nusu dakika. Kitabu humzungumza mtoto mmoja kwa dakika zote 40. Hakichoki, hakimcheki, wala hakimvalishi kitu shingoni.

Huenda msomaji akaniuliza: wewe uliyaona hayo tangu 1988, mbona binti yako alikuja kufeli 2003? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba nuru niliyoipata usiku sikuipeleka darasani asubuhi. Vitabu vile vilikuwa vya sekondari, shule yetu ya msingi haikuwa navyo. Lakini si hilo tu. Mkaguzi alitaka kusikia watoto wakiitikia. Na mtihani wa Darasa la Saba kwa miaka mingi ulikuwa wa kuchagua herufi, hata mtoto asiyeweza kuandika sentensi moja aliweza kufaulu. Watoto 80 wanaosoma kimya wangeonekana kwamba mwalimu wao amelala. Niliogopa. Nikaendelea kunyanyua kalamu. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo nisilotaka mwalimu kijana alirithi.

Wapo watakaosema: shule za Kiingereza zenye vibao ndizo zinazofaulisha. Nakubali kwamba nyingi hufaulisha. Lakini tuangalie vizuri kinachowafaulisha. Watoto wa shule hizo kila mmoja ana kitabu chake. Madarasa yao si ya watoto 80. Wengi wana wazazi waliosoma. Mambo hayo yote yapo na kibao kipo, kisha tunakipa kibao sifa. Ni kama mtu aliyekunywa dawa na kuvaa hirizi, akapona, akaisifu hirizi.

Wengine watasema: samaki mkunje angali mbichi, ndiyo maana mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umerudisha Kiingereza kama somo tangu Darasa la Kwanza. Sina ugomvi na kuanza mapema. Lakini samaki hukunjwa kwa mkono, hakunjwi kwa nyundo. Tukianza mapema kwa njia ile ile ya kuimbisha, tutakuwa tumeongeza miaka ya kuimba tu. Na juu ya mjadala mkubwa wa lugha ya kufundishia sekondari, leo sitaki kuuingia. Sera iliyozinduliwa mwaka 2025 bado inaweka Kiingereza kuwa lugha ya masomo ya sekondari. Maadamu ni hivyo, mtoto anayetoka shule ya msingi bila Kiingereza hakosi Kiingereza peke yake. Anakosa na baiolojia na jiografia. Ndiyo sababu jambo hili si dogo.

Ili nisiwe mlalamikaji tu, nashauri yafuatayo.

Kwanza, vibao na adhabu zote za kusema Kiswahili zipigwe marufuku katika kila shule, ya Serikali na ya watu binafsi, na wakaguzi wawe na kazi ya kuviulizia. Haiwezekani mtoto katika Tanzania aadhibiwe kwa kusema lugha ya Taifa.

Pili, vyuo vya ualimu vimfundishe mwalimu jinsi ya kukitumia Kiswahili katika somo la Kiingereza kwa kipimo, hasa mahali ambapo lugha hizi mbili hutofautiana. Asijifiche kama mwizi akitafsiri neno moja.

Tatu, kila darasa liwe na sanduku la vitabu vyembamba vya hadithi kwa Kiingereza chepesi, na kila siku pawe na dakika 20 za kusoma. Hadithi ziwe za kwetu pia. Mtoto anayemjua Sungura na Fisi kwa lugha ya bibi yake atawafuata hata wakisema Kiingereza, maana anajua mmoja wao ni mjanja na mwingine ni mlafi. Tunao waandishi na tunao wachoraji, tuwatumie.

Nne, vitabu vitolewe makabatini. Nimefanya kazi katika shule ambazo vitabu vilifungiwa katika ofisi ya mwalimu mkuu kwa kuogopa kwamba vitachanika na wakaguzi watavidai. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Kilichobaki kipya kwa miaka kumi ndicho kilichoibiwa.

Tano, mwalimu mwenyewe asome. Hatuwezi kutoa tusichokuwa nacho. Kuliko semina ya siku tatu ya kuambiwa jina jipya la njia, ni afadhali mwalimu apewe vitabu kumi avisome kwa mwaka.

Najua wahusika watasema fedha hazitoshi, hasa baada ya ada kufutwa mwaka 2016 na madarasa kufurika. Lakini kitabu kimoja cha hadithi husomwa na watoto wengi kwa zamu, mwaka hadi mwaka. Na vijiji vilivyoweza kujenga madarasa kwa nguvu zao vinaweza kununua hata vitabu 20. Mtu asingoje meli.

Namaliza kwa habari ya mjukuu wangu. Nilikaa kwa binti yangu mwezi mzima. Kila jioni tulisoma kurasa chache za kitabu cha Kiingereza chenye picha. Akikwama namweleza kwa Kiswahili, tunaendelea. Siku za kwanza alisoma kwa kunong'ona, akiangalia mlangoni kama mtu anayeogopa kukamatwa. Juma la tatu alianza kunisahihisha matamshi, na ukweli ni kwamba alikuwa na haki. Siku moja kabla sijaondoka alimhadithia mama yake hadithi nzima kwa Kiingereza cha kuungaunga, akifika pagumu anaweka neno la Kiswahili, anapita. Mama yake alinitazama, hakusema kitu. Asubuhi niliposhika mfuko wangu, aliniuliza vitabu vile vinauzwa wapi.

Nimeandika haya ili walimu walio kazini leo wasingoje kustaafu ndipo waseme.

Mwalimu Mstaafu,
Kondoa.